Mikono ya Mtoto wa Fundi Mwashi

Baba yangu alikuwa fundi mwashi, na likizo zangu za shule ya msingi nilizimalizia kazini kwake nikiwa saidia fundi, huko Iringa ambako nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma. Kazi niliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya kusimama juu ya jukwaa la mirunda na kudaka matofali yanayorushwa kutoka chini. Tofali la kuchoma halidakwi kama mpira. Ukilikazia mikono litakuchuna viganja, na ukililegezea litakuponyoka limwangukie aliyelirusha. Linapokelewa pale linapokaribia kilele cha safari yake, wakati limeishiwa nguvu, kisha mikono inashuka nalo kidogo kama ya mtu anayepakata mtoto. Nilifundishwa hivyo nikiwa na miaka 11, na viganja vyangu bado vinakumbuka.

Ndiyo maana niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba Jerry Rice, mpokeaji ambaye wengi wanamhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza futiboli ya Marekani, alijifunza kudaka kwa kupokea matofali ya baba yake, niliamini papo hapo bila kuuliza. Tangu siku hiyo nimetazama michezo yake mingi iliyorekodiwa, na kadiri ninavyotazama ndivyo ninavyoanza kuitilia shaka simulizi hiyo. Sisemi kwamba ni ya uongo, kwa sababu yeye mwenyewe ameisimulia mara nyingi. Nasema kwamba haitoshi.

Rice alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1962 mjini Starkville, jimbo la Mississippi, akakulia Crawford, kijiji cha barabara za vumbi na malisho ya farasi. Walikuwa watoto wanane, na baba yao, Joe Nathan, alikuwa mwashi ambaye wakati wa kiangazi aliwachukua wanawe wamsaidie kazi katika jua la Mississippi. Jerry alikaa juu ya jukwaa. Kwa maelezo yake, alirushiwa matofali hadi manne kwa mkupuo mmoja, yakiwa yamepangwa moja juu ya jingine, na yalipofika juu yalikuwa yameachana hewani, kila moja likishika njia yake, naye akayadaka yote. Nilipomsimulia baba habari hii hakushangazwa na mdakaji hata kidogo. Alitaka kujua nani alikuwa anarusha, kwa maana kurusha manne yafike pamoja, alisema, ndiyo kazi.

Miguu yake iligunduliwa kwa utoro. Akiwa kijana wa sekondari katika shule ya B. L. Moor, alikuwa amekwepa kipindi siku moja pale mwalimu mkuu msaidizi alipomtokea kwa nyuma. Rice alitimua mbio, na mwalimu akabaki anatazama vumbi. Adhabu aliipata, lakini mwalimu huyo alikwenda pia kwa kocha wa futiboli kumweleza kwamba shuleni kuna mtoto ambaye hakamatiki. Huko nyumbani alikuwa amezoea kuwakimbiza farasi malishoni hadi wachoke ndipo apate kuwapanda, kwa hiyo mwalimu mmoja wa makamo hakuwa mzigo mzito.

Vyuo vikuu vikubwa vya kwao havikumtaka. Aliyemfuata alikuwa Archie Cooley, kocha wa Mississippi Valley State, chuo kilichofunguliwa mwaka 1950 katika mji wa Itta Bena kwa ajili ya wanafunzi weusi, enzi ambazo sheria za ubaguzi ziliwafungia milango ya vyuo vya wazungu. Cooley alikuwa mtu wa vituko, lakini vituko vyake vilikuwa na hesabu ndani yake. Aliwapanga wapokeaji kwa msururu upande mmoja wa uwanja, akawakataza wachezaji wake kukusanyika kushauriana kati ya jaribio na jaribio, na kumwachia kwotabeki Willie Totten arushe mpira mfululizo mpaka mabeki wapinzani waanze kutazamana. Mwaka 1983 Rice alidaka mipira 24 katika mchezo mmoja dhidi ya Southern University. Mwaka uliofuata alifunga tachidauni 27 kwa kupokea. Chuoni walimpa jina la World, yaani Dunia, kwa hoja kwamba duniani hakuna mpira asioweza kuudaka. Uwanja wa chuo hicho leo unaitwa kwa majina yao wawili, Rice na Totten.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu kwake ni rundo la wanaume wanaoangukiana, maelezo mafupi yanatosha. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani zaidi kidogo ya mita 9, na ikifaulu inapewa majaribio mengine manne. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani ndiyo tachidauni, yenye pointi 6. Kwotabeki ndiye anayeamua kurusha au kumkabidhi mwenzake mpira akimbie nao. Mpokeaji wa pembeni husimama karibu na mstari wa kando, mbali na vurugu za katikati, na mpira unapoanza kuchezwa hukimbia njia iliyopangwa kabla. Akiwa huko anafuatwa na beki mmoja au wawili ambao kazi yao ni kumfanya ajute.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1984, Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, alikuwa hotelini Houston ambako timu yake ilikuwa na mchezo kesho yake. Katika televisheni zilipita picha fupi za michezo ya vyuo, na humo alimwona kijana wa Itta Bena akiwaacha mabeki nyuma. Timu za ligi kuu ya Marekani huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu kila mwaka, iliyofanya vibaya ikitangulia na bingwa akimaliza mstari. 49ers walikuwa mabingwa, hivyo zamu yao ilikuwa ya 28. Walsh hakukubali kungoja. Aliwapa New England Patriots zamu zake za raundi tatu za kwanza ili apande hadi nafasi ya 16, akarudishiwa na zamu moja ya raundi ya tatu, na hapo akamchukua Rice. Wapokeaji wawili, Al Toon na Eddie Brown, walikuwa wamekwisha kuchaguliwa kabla yake, kwa kuwa wapimaji wengi waliiamini saa kuliko macho yao, na saa ilikuwa imesema kwamba Rice hana kasi ya kutisha.

Msimu wa 1985 ndipo simulizi ya matofali inapokwama. Kijana aliyedaka matofali manne hewani alifika San Francisco akawa anadondosha mipira. Aliidondosha mbele ya mashabiki wa nyumbani, nao wakamzomea, na mwenyewe amekiri kwamba alilia. Kama mikono ndiyo iliyokuwa siri, mikono ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa alitakiwa kufikiri wakati anadaka. Katika mfumo wa Walsh, kwotabeki hakumsubiri mpokeaji awe wazi. Alihesabu hatua zake za kurudi nyuma, tatu au tano, na hatua ya mwisho ilipogusa nyasi mpira ulitoka, hata kama mpokeaji alikuwa bado amempa mgongo. Mpokeaji alipaswa kuwa mahali fulani kwa hatua fulani, na tena asome jinsi mabeki walivyojipanga, kwa sababu njia moja ilibadilika kulingana na walivyosimama. Rice alikuwa akigeuka kichwa chake kingali kinatafuta njia, na mpira ulikuwa umekwisha kufika. Tofali halikuulizi ukimbilie wapi.

Mwezi Desemba wa msimu huo huo, katika mchezo wa Jumatatu usiku dhidi ya Los Angeles Rams, alidaka mipira 10 kwa yadi 241. Timu yake ilifungwa, lakini hakuna aliyemzomea tena.

Ninachopenda kukitazama zaidi ni njia ya mshazari, kwa sababu ni njia fupi na rahisi ambayo kila mtoto wa Marekani anaifahamu. Mpokeaji anakwenda mbele hatua tatu, anakita mguu wa nje, anakata ndani kwa mshazari kuelekea katikati, na mpira unamkuta kifuani. Wapokeaji wengi hupunguza mwendo kidogo wanapokata, na beki mzuri huiona breki hiyo magotini mwao. Kwa Rice huioni. Nimerudisha nyuma mkanda wa mchezo mmoja mara nyingi nikitafuta ni hatua ipi aliyopunguza, nikaishia kuona kwamba mguu wa nje unagusa chini na papo hapo kifua kimekwisha kugeuka, huku beki akiwa bado anarudi nyuma kulinda njia ndefu ambayo Rice hakuwa na nia ya kuipita. Hatua zake tatu za kwanza zilifanana katika kila njia aliyoikimbia. Mikono inatoka dakika ya mwisho kabisa, viganja vikitazama mpira, na vinaurudisha mwilini kwa namna ambayo, lazima nikiri, inanikumbusha jukwaa la mirunda. Kisha anakimbia. Mtu ambaye saa ilimwita wa kawaida, mpira ukiwa mikononi mwake hakuwa akikamatwa kwa nyuma.

Mazoezini, kila alipodaka mpira, hata ukiwa wa yadi 5, alikimbia nao hadi kwenye mstari wa mwisho wa wapinzani, kisha akarudi, akadaka mwingine, akakimbia tena, wakati wenzake waliudaka na kuurudisha kwa kocha. Msimu ulipokwisha alikwenda katika hifadhi ya Edgewood, kusini mwa San Francisco, kwenye njia ya mlimani yenye urefu wa kilomita 4 ambayo mwenzake Roger Craig alimwonyesha, na kuipanda akikimbia. Wachezaji wa timu nyingine waliokuwa na habari za mlima huo walikuja kujipima, na baadhi yao walitapika kabla ya kufika juu.

Hofu ndiyo iliyompandisha mlima, na sababu ya kuogopa alikuwa nayo. Tarehe 4 Januari 1987, katika mchezo wa mtoano dhidi ya New York Giants, alipokea mpira wa mshazari mapema kabisa, akawapita mabeki wote, mbele yake kukiwa na nyasi tupu. Mpira ukamponyoka. Hakuna aliyemgusa. Uliviringika hadi eneo la mwisho na Giants wakaulalia, na mchezo ukaisha 49 kwa 3. Pengo la pointi 46 haliwezi kuwekwa juu ya mabega ya mtu mmoja, lakini mkanda wa mpira ule umechezwa mara nyingi kuliko tachidauni zake nyingi. Msimu uliofuata ulikatizwa na mgomo wa wachezaji, akacheza michezo 12 tu, na katika hiyo michezo 12 alipokea tachidauni 22. Rekodi hiyo ilidumu miaka 20, hadi Randy Moss alipofikisha 23 mwaka 2007 kwa kucheza michezo 16.

Fainali ya Super Bowl ya tarehe 22 Januari 1989 mjini Miami, dhidi ya Cincinnati Bengals, ndiyo ningemwonyesha mtu ambaye ana saa moja tu ya kuutazama mchezo huu. Zikiwa zimebaki dakika 3 na sekunde chache, 49ers walikuwa nyuma 16 kwa 13, na mpira ulikuwa katika yadi ya 8 ya upande wao wenyewe, yaani walikuwa na yadi 92 za kusafiri. Kwotabeki wao, Joe Montana, akaanza kupiga pasi fupi fupi. Rice alidaka ya yadi 7, kisha ya yadi 17. Ikaja adhabu iliyowarudisha nyuma, wakawa na yadi 20 za kupata, na Bengals walijua vizuri ni nani atakayetafutwa. Alikata katikati, watu watatu wakiwa karibu naye, akaupokea mpira katika upenyo ambao ulikuwa wazi kwa muda wa kupepesa jicho, na akawaburuza hadi zilipotimia yadi 27. Siku chache kabla ya fainali hiyo alikuwa akichechemea kwa maumivu ya kifundo cha mguu. Jaribio la ushindi lilipofika, Rice alitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla mpira haujaanza, macho ya mabeki yakamfuata, na Montana akamrushia John Taylor katikati ya eneo la mwisho. Zilibaki sekunde 34. Matokeo yalikuwa 20 kwa 16, na Rice, aliyemaliza na mipira 11 kwa yadi 215, alichaguliwa mchezaji bora wa fainali. Pamoja na hayo yote, jambo lake zuri kuliko mengine siku hiyo kwa maoni yangu ni ule mwendo wa mwisho ambao hakuugusa mpira kabisa.

Ubingwa wa mwaka uliofuata, 55 kwa 10 dhidi ya Denver, hauna mengi ya kusimulia. Alifunga tachidauni 3. Alifunga 3 tena katika fainali ya Januari 1995 dhidi ya San Diego, safari hii mrushaji akiwa Steve Young. Hapa swali la baba linarudi, kwamba nani anarusha. Young alitumia mkono wa kushoto, na mpira wa mkono wa kushoto huzunguka kinyume na wa mkono wa kulia, jambo ambalo wapokeaji wengi hulilalamikia. Rice hakuonyesha kusumbuka. Septemba 1994 alikuwa amempita Jim Brown, aliyeshikilia rekodi, kwa idadi ya tachidauni, na mwaka 1995, akiwa na miaka 33, alifikisha yadi 1,848 katika msimu mmoja.

Kuna doa ambalo siwezi kuliruka, hasa kwa kuwa linahusu mikono. Mapema mwaka 2015 ilisambaa video ambamo Rice alieleza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba alikuwa akipulizia glavu zake kiasi kidogo cha dawa ya kunatisha. Gundi za aina hiyo ligi ilizipiga marufuku mwaka 1981, miaka minne kabla hajaingia. Alipobanwa alijitetea kwamba wapokeaji wote wa wakati wake walifanya hivyo, na baadhi ya hao wapokeaji wakajitokeza kukanusha. Ubaya zaidi ni kwamba majuma hayo hayo alikuwa amewashambulia Patriots kwa tuhuma za kucheza na mipira iliyopunguzwa upepo. Siamini kwamba gundi ndiyo iliyomfanya Rice, kwa sababu zile zile zinazonifanya nisiamini kwamba matofali ndiyo yaliyomfanya: wala gundi wala tofali havikati mshazari. Lakini kosa ni kosa, na jibu lake lilikuwa bovu.

Agosti 1997, baada ya michezo 189 mfululizo bila kukosa hata mmoja, alikamatwa kofia kwa mbele mjini Tampa, mguu ukajipinda, na nyuzi za goti la kushoto zikakatika. Jeraha hilo kwa kawaida humaliza mwaka. Yeye alirudi baada ya miezi mitatu na nusu, Desemba 15, katika usiku ambao 49ers walikuwa wakimuenzi Montana, akapokea tachidauni, akaanguka, na kifupa cha juu ya goti kikapasuka. Wapo wanaousifu ujasiri huo. Mimi naona kwamba daktari yeyote mwenye akili angempeleka nyumbani, na kwamba ni hofu ile ile ya mlimani iliyomvalisha viatu usiku ule.

Alipoagwa na mashabiki wa San Francisco Desemba 2000, kijana aliyempokea kijiti, Terrell Owens, alichagua siku hiyo hiyo kudaka mipira 20 na kuvunja rekodi ya miaka 50. Rice alivuka ghuba akaenda Oakland Raiders, na mwaka ambao alitimiza miaka 40 alidaka mipira 92 kwa yadi 1,211, akacheza fainali nyingine na kufunga ndani yake, ingawa Raiders walichapwa. Septemba 2004 mfululizo wake wa michezo 274 ambayo kila mmoja alidaka walau mpira mmoja ulikatika. Akahamia Seattle. Akiwa na miaka 42, katika mchezo wa Jumatatu usiku dhidi ya Dallas, alipata yadi 145. Mwaka 2005 alijaribu Denver, akaambiwa kwamba atakuwa mpokeaji wa nne katika orodha, na hapo akaacha.

Alimaliza na mipira 1,549, yadi 22,895 na tachidauni 208. Anayemfuata kwa yadi ni Larry Fitzgerald, aliyecheza misimu 17 bila uvivu, na bado yuko nyuma yake kwa yadi 5,403.

Agosti 2010 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mjini Canton, Ohio. Katika hotuba yake hakujisifu kwa mikono. Alisema kwamba hofu ya kushindwa ndiyo iliyokuwa injini ya maisha yake yote, na kwamba anajutia jambo moja tu, kuwa hakuwahi kutulia kuyafurahia yale aliyoyapata. Niliyasikia maneno hayo nikamkumbuka baba akimaliza ukuta jioni, anaosha mwiko kwenye ndoo, sisi wasaidizi tumerudi nyuma hatua kadhaa kuutazama ulivyonyooka, na yeye amekwisha kuupa mgongo, anahesabu matofali ya kesho.